Mikono: Kitu cha Kwanza Mtoto Mchanga Anachokigundua

Mtoto wa wiki kumi amelala chali. Ameinua ngumi ya kulia mbele ya uso na kuikazia macho. Ngumi inateleza pembeni, inatoweka, naye anabaki amekunja paji la uso kama mtu aliyeibiwa kitu. Baada ya muda inarudi, anaikodolea tena. Wengi wakimwona hivyo hudhani ana njaa, au anaangalia taa iliyo nyuma ya mkono. Anaangalia mkono wenyewe, na bado hajui kwamba ni wake.

Miezi mitano ya mwanzo ina mengi ya kufuatilia, lakini tukiambiwa tuchague kimoja tungechagua mikono. Ndipo unapoona macho, ubongo na misuli vikianza kusikilizana. Na ndipo watu wazima wanapochelewesha mambo kwa nia njema, hasa kwa glavu na kwa haraka ya kumpa mtoto kichezeo.

Ngumi za mwanzo

Ukiweka kidole kwenye kiganja cha mtoto aliyezaliwa jana, anakibana kwelikweli. Si salamu, ingawa hatumkatazi babu kuamini hivyo. Ni mshiko unaojiendea wenyewe, kama goti linaloruka daktari akiligonga. Hufifia kati ya mwezi wa 3 na wa 6, na lazima ufifie ndipo mtoto aanze kushika kwa kutaka. Kwa hiyo akikamata nywele zako usimvute vidole kimoja kimoja, maana kadiri unavyovuta ndivyo anavyozidi kubana. Pitisha kidole chako taratibu kwenye mgongo wa mkono wake, kuanzia upande wa kidole cha mwisho. Ngumi italegea yenyewe.

Njia hiyo hiyo itumie wakati wa kumwogesha. Ndani ya ngumi hujikusanya nyuzi za nguo, jasho na maziwa, na ngozi ya katikati ya vidole huchubuka haraka. Fungua, osha, kausha.

Glavu za kuzuia asijikwaruze hazina ubaya kwa saa chache za usingizi wiki za mwanzo, ila akiwa macho zivue. Mtoto aliyevikwa glavu mchana kutwa hagusi kitu na haoni vidole vyake. Dawa ya mikwaruzo ni kucha fupi: zikate akiwa amelala, au baada ya kuoga zikiwa laini, huku ukibonyeza nyama ya ncha ya kidole kuelekea chini ili isiingie kwenye mkasi. Ukiogopa mkasi, tumia tupa ya kucha. Kila unapomvika glavu, igeuze ndani nje kwanza. Uzi mmoja uliolegea unaweza kujizungusha kwenye kidole na kuzuia damu, na hutajua mpaka kidole kimevimba na kubadilika rangi. Mtoto anayelia bila sababu unayoiona mkague vidole vya mikono na vya miguu.

Macho hutangulia

Mkono hauwezi kwenda mahali ambapo jicho halijafika. Mtoto aliyezaliwa huona vizuri kitu kilicho sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni, takriban umbali wa kutoka ziwani hadi kwenye uso wa mama. Zaidi ya hapo ni ukungu. Uso wa mtu ndicho anachokipenda kuliko vyote, kisha vitu vyenye tofauti kali ya giza na mwanga.

Kumzoeza ni rahisi. Weka uso wako umbali huo, subiri mpaka macho yake yatulie kwako, kisha sogea pembeni polepole. Kosa la kawaida ni kasi. Akikupoteza rudi katikati uanze tena. Miezi miwili anakufuata vizuri kiasi, na kufikia mitatu anaweza kukufuata kutoka upande mmoja hadi mwingine. Macho kupishana mara mojamoja ni jambo la kawaida wiki za mwanzo. Makengeza yanayoendelea baada ya mwezi wa 4 yapelekwe kwa daktari.

Tabasamu la kweli, la kukujibu wewe, huja karibu na wiki ya 6 hadi ya 8. Bahati mbaya ndio wakati ambao kilio nacho hufika kileleni, kisha hupungua kuelekea mwezi wa 3 au wa 4. Msishangae kupokea vyote viwili wiki moja.

Kwa nini ni mkono ule ule

Rudi kwa yule mtoto wa wiki kumi. Kichanga anapogeuza kichwa kulia, mkono wa kulia hunyooka wenyewe na wa kushoto hukunjika, kama mtu anayevuta upinde. Mkono ulionyooka ndio ulio mbele ya macho, kwa hiyo ndio anaougundua kwanza. Mtoto anayelazwa siku zote kichwa upande ule ule wa kitanda, akigeukia mlango au dirisha lile lile, huona mkono mmoja zaidi kuliko wa pili, na kichwa chake huanza kubapa upande mmoja. Badilisha: leo kichwa huku, kesho kule. Ukimbeba, badilisha bega. Ikiwa anakataa kabisa kugeukia upande wa pili, au analia ukimgeuza, huenda msuli wa shingo umekaza. Mwonyeshe mtaalamu wa mazoezi ya viungo mapema, kwa sababu katika miezi hii ya mwanzo hunyooshwa kwa urahisi zaidi.

Mwezi wa 3 hadi wa 4 mikono miwili hukutana kifuani na kwenda mdomoni. Unaweza kumsaidia: mlaze ubavu, weka taulo iliyokunjwa nyuma ya mgongo, lete mikono yote miwili mbele. Akiwa chali lazima ainue mikono dhidi ya uzito wake. Kwa ubavu inakutana bila kazi. Dakika tatu zinatosha, nawe ukiwa hapo hapo. Si mkao wa kulala. Usingizi ni chali, kila mara, kwenye godoro gumu lisilo na mito wala taulo.

Udenda nao huanza kumwagika miezi hii, na kila mtu nyumbani atatangaza meno. Mara nyingi si meno. Jino la kwanza kwa wengi huja karibu na miezi sita. Mate yameongezeka, mikono iko mdomoni muda wote, na kuyameza vizuri bado hajui. Mwache anyonye ngumi, na umkaushe shingo.

Subiri hesabu ya kumi na tano

Kosa tunaloliona zaidi ni hili: mtu anachukua kichezeo kinacholia na kukiweka kwenye kiganja cha mtoto wa miezi miwili. Kiganja kinabana chenyewe, mkono unaruka, mtoto anajigonga usoni, analia, na hawezi kukiachia. Kuachia kitu kwa kutaka ni ujuzi wa baadaye sana, karibu na mwisho wa mwaka wa kwanza.

Fanya hivi. Awe ameshiba na hajachoka, amelala chali. Shika kichezeo chepesi, chembamba kama kidole chako, juu ya kifua chake na si juu ya macho. Kitikise mara moja, kisha kitulize. Sasa hesabu kimya hadi 15. Kwanza macho yatapanuka. Pumzi itaenda mbio, miguu itapiga, mikono itapepea ovyo. Ndipo, akiwa na miezi mitatu au minne, ngumi moja itakigonga. Mwenye haraka hutikisa tena kwenye hesabu ya tano, na mtoto analazimika kuanza upya kutoka kwenye macho. Akigeuza uso, akipiga miayo au akijipinda mgongo, amechoka. Weka chini.

Huko kugonga mara moja na kusikia mlio ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Mwanasaikolojia wa Marekani, Carolyn Rovee-Collier, alifunga utepe kwenye kifundo cha mguu wa mtoto na kuuunganisha na vichezeo vilivyoning'inia juu ya kitanda. Baada ya dakika chache watoto wa miezi miwili na mitatu walipiga mateke zaidi, kwa kuwa waligundua teke ndilo linalovichezesha. Wa miezi mitatu walikumbuka kwa siku kadhaa. Nyumbani utepe usiuguse: kamba karibu na mtoto inaweza kumnyonga.

Kifudifudi hufungua viganja

Watu hudhani kumlaza kifudifudi ni zoezi la shingo tu. Ni la viganja pia: akianza kuegemea mikono, uzito unavikunjua. Anza siku za kwanza, dakika 3 hadi 5, mara mbili au tatu kwa siku akiwa macho, ukiongeza hadi jumla ya nusu saa kwa siku. Subiri kidogo baada ya kunyonya asije akacheua.

Akilia mara tu anapogusa sakafu, angalia mikono kabla ya kusema hapendi. Kwa kawaida imebanwa chini ya kifua. Viringisha kanga au taulo nyembamba, ipitishe chini ya kwapa, toa viwiko mbele yake, na wewe ulale chini macho yenu yalingane. Wiki za mwanzo kifua chako mwenyewe kinatosha. Mgeuze kabla kilio hakijashika kasi.

Kumviringisha nguo mikono ikiwa ndani kukome mara anapoonyesha dalili za kujigeuza.

Lini uende kliniki

Kwa mtoto njiti toa kwanza wiki alizowahi: aliyezaliwa wiki 8 kabla ya wakati, akitimiza miezi minne mlinganishe na wa miezi miwili.

Nenda usipoona tabasamu au macho kufuata kitu katika mwezi wa 3, shingo isipoweza kushikilia kichwa katika mwezi wa 4, ngumi zikibaki zimefungwa baada ya mwezi wa 3 huku kidole gumba kikiwa ndani, asiposhtushwa na sauti kubwa, au akiacha jambo alilokwisha kuliweza. Mtoto anayetumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka si ishara ya mashoto. Mkono wa pili unahitaji kuchunguzwa. Mboni yenye mng'ao mweupe, au joto la nyuzi 38 au zaidi kwa mtoto aliye chini ya miezi mitatu, ni safari ya siku hiyo hiyo.

Siku ya kwenda, chukua na video. Watoto wengi hufika kliniki wamelala au wanalia, na daktari haoni unachokieleza. Piga ya dakika moja nyumbani, ameshiba, amelala chali bila glavu, mikono yote miwili ikionekana, na mtu asiseme wala kumtikisia kitu.