Maswali na Majibu: Barcelona na Ukame

Ukame ulioliandama jimbo la Katalonia, kaskazini-mashariki mwa Uhispania, kati ya mwaka 2021 na 2024 umewafanya wasomaji kadhaa watuandikie. Tunajibu maswali manne.

Swali: Inasemekana kila mkazi wa Barcelona aliwekewa kikomo cha lita 200 za maji kwa siku. Huo kweli ni ukame?

Jibu: Lita hizo hazikuwa za nyumbani pekee. Dharura ilipotangazwa tarehe 1 Februari 2024, baada ya akiba ya mabwawa kushuka chini ya asilimia 16, kikomo waliwekewa manispaa: maji yote yanayoingia mjini, yakiwemo ya hoteli, maduka na hata yanayopotea kwa mabomba kuvuja, yagawanywe kwa idadi ya wakazi. Nyumbani, mtu hutumia takriban lita 100. Walioumia hasa ni wakulima, ambao maji yao ya umwagiliaji yalipunguzwa kwa asilimia 80, ilhali viwanda vilipunguziwa asilimia 25.

Swali: Bahari wanayo. Kwa nini wasiondoe chumvi tu?

Jibu: Wanaiondoa. Mwaka 2008 hali ilikuwa mbaya hata maji yakaletwa kwa meli kutoka Tarragona na Marseille. Mwaka uliofuata ukafunguliwa mtambo wa El Prat de Llobregat, wenye uwezo wa kutoa mita za ujazo 200,000 kwa siku. Tatizo ni umeme: kuyasukuma maji ya bahari kwa shinikizo kubwa yapenye kwenye utando unaozuia chumvi hula kilowati-saa 3 hadi 4 kwa kila mita ya ujazo. Ndiyo maana, mvua ziliporudi na mabwawa kujaa, mtambo huo ulifanyishwa kazi kidogo tu kwa miaka mingi. Kwa maoni yangu, mtambo wa namna hiyo huleta faida zaidi ukiwashwa mabwawa yakiwa bado na akiba nzuri, kwa sababu maji usiyoyachota mwaka huu utayakuta mwakani; lakini ni mwanasiasa gani atakayetetea bili kubwa ya umeme huku mvua ikinyesha?

Swali: Je, ni kweli wanakunywa maji taka?

Jibu: Si moja kwa moja. Maji taka husafishwa, husafishwa tena kwa kiwango cha juu zaidi, kisha husukumwa kwa bomba na kumwagwa katika mto Llobregat, juu ya mahali ambapo mtambo wa Sant Joan Despí huchota maji na kuyatibu upya. Anayechukizwa azingatie kwamba mji wowote ulio chini ya mto hunywa kilichomwagwa na miji ya juu, mara nyingi bila usafishaji wa namna hii. Ukame ulipokuwa mkali, maji haya pamoja na yale ya bahari yalifikia zaidi ya nusu ya mahitaji.

Swali: Mvua zimenyesha. Tatizo limekwisha?

Jibu: Dharura iliondolewa Mei 2024, na mabwawa yakajaa vizuri mwaka uliofuata. Mgogoro wa mto Ter, hata hivyo, haujaisha: tangu miaka ya 1960 Barcelona huvuta maji kutoka mto huo wa mkoa wa Girona, na wenyeji hulalamika kwamba mto wao unabakiziwa kidogo mno. Mwaka 2017 yalifikiwa makubaliano ya kupunguza uchotaji huo hatua kwa hatua, na mtambo mwingine wa kuondoa chumvi uliopangwa kujengwa karibu na Blanes unatarajiwa kuziba sehemu ya pengo hilo.