Mvua Mji Mkongwe: siku haijaharibika

Dada yangu, umeuliza ufanyeje na siku yako moja Unguja, masika hayakatiki na zawadi za kupeleka Mombasa hujanunua. Acha viatu vya ngozi hotelini, vaa malapa. Mvua ikikaza, vichochoro hugeuka mifereji, na hapo utajua vibaraza vya mawe vina kazi gani: unapanda, unapita, maji yanabaki chini.

Anzia Mchangani kwenye kanga. Kunjua doti nzima usome jina, yale maneno yaliyoandikwa. Mimi niliwahi kukimbia mvua nikachukua kwa rangi tu. Mama mkwe alivyoisoma alinyamaza siku mbili! Kofia ya kiua ya mkono ina vitundu vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, kwa hiyo bei isikushtue.

Viungo viko Darajani, soko la tangu 1904. Ila siku za unyevunyevu usinunue karafuu kwa macho. Ivunje: iliyokauka inakatika kwa mlio, iliyovuta maji inapinda tu kama uzi.

Ukisharowa kabisa, tafuta urojo wa moto, bajia nyingi, pilipili kiasi chako. Mwavuli ushikilie, miavuli inasahaulika sana pale.