Fonti ya Kichina ya kitabu chako: ichague ukiwa na karatasi mkononi

Tangu Egerton, pale Njoro, iwe na Taasisi ya Confucius, kituo cha kufundisha Kichina, sisi tunaopanga vitabu hapa Nakuru hatukosi kazi za Kichina. Leo ni daftari la mazoezi la mwalimu, kesho ni kijitabu cha Kiswahili na Kichina cha wahudumu wa hoteli. Mteja huja na flashi, na faili yake mara nyingi imeandikwa kwa SimSun kwa sababu ndiyo aliyoikuta kwenye Windows. Kwenye skrini inasomeka vizuri tu. Karatasi ina maneno yake. Kwa hiyo kabla ya kuuliza fonti ipi inapendeza, jiulize kitabu kitachapwa na mashine gani, kisha nani atakisoma.

Tuanze na mashine. Vitabu vingi vya Kichina hupangwa kwa fonti za aina ya Songti: mistari ya wima minene, ya mlalo myembamba kama uzi, na mwishoni mwa ule wa mlalo kuna kipembetatu. Umbo hilo limerithiwa kutoka enzi za kuchonga herufi kwenye mbao. Kwa ofseti, ile mitambo mikubwa ya nakala nyingi, halina neno. Lakini kitabu cha nakala mia mbili hakiendi ofseti, kinapigwa riso, ile mashine ya kurudufu, au fotokopi, na hapo ndipo uzi unapokatika. Chukua tarakimu: 二 ni mbili, 三 ni tatu, na zote ni mistari ya mlalo mitupu. Tona ikianza kuisha, mstari wa katikati wa 三 unafifia, na mtu anasoma bei ya chakula kuwa mbili badala ya tatu. Hebu fikiria hiyo ndiyo menyu.

Dawa yake ni fonti ya Songti yenye unene wa kuchagua. Mimi hutumia Noto Serif CJK. Adobe na Google waliitoa mwaka 2017, na Adobe wanaiita Source Han Serif. Ni fonti ileile kwa majina mawili, basi usimalize bando kwa kuzipakua zote. Ina unene wa ngazi 7. Kwa ofseti weka Regular, kwa riso panda hadi Medium, nao uzi unashika. Leseni yake inakuruhusu kuitumia kwenye kitabu cha kuuza bila kulipa senti. Usichoruhusiwa ni kuiuza fonti yenyewe.

Unapopakua utakuta SC, TC, HK, JP na KR. Usichukue yoyote tu ati zote zina herufi za Kichina. SC ni ya China bara, TC ni ya Taiwan, HK ni ya Hong Kong, na hizo mbili za mwisho ni za Japani na Korea. Kompyuta huipa herufi moja namba moja hata kama nchi hizi huiandika tofauti, kwa hiyo fonti ndiyo inayoamua sura. Angalia 骨, mfupa. Kwenye fonti ya China bara, kile kijisanduku kidogo cha juu kimebana kona ya kushoto. Kwenye ya Japani kimehamia kulia. Mwalimu anayefundisha Kichina cha Beijing ataiona mara moja, na atakurudishia kazi. Chukua faili ya SC peke yake. Furushi la lugha zote ni zito mno, na kila fonti humo imejaa hadi ukomo wa maumbo 65,535, mengi ambayo hutayagusa kamwe.

Sasa msomaji. Kama kitabu ni cha kusoma, Songti yatosha. Kama ni cha kujifunza kuandika, Songti itampoteza mwanafunzi, maana atanakili hadi vile vipembetatu akidhani ni sehemu ya herufi. Mpe Kaiti, inayofuata mkono wa mtu. Ya bure ninayoipenda ni LXGW WenKai, lakini tafuta toleo lenye GB kwenye jina, kwa sababu lile la kawaida limetokana na fonti ya Kijapani na baadhi ya maumbo yake hayafuati kanuni za China bara. Vichwa vya sura wekea Heiti, isiyo na madoido, basi.

Kwenye Word au LibreOffice usimwagie fonti ya Kichina ukurasa mzima. Programu zote mbili zina nafasi mbili, moja ya herufi zetu na nyingine ya herufi za Asia. Kwa LibreOffice ni lazima kwanza uwashe lugha za Asia kwenye mipangilio. Kiswahili kilichoandikwa kwa SimSun kinafanana na barua ya chifu iliyopigwa taipu. Kwa herufi zetu mimi huweka Gentium, kwa sababu ina alama zote za toni za pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini. Kabla ya kuamini fonti nyingine, iandikie nǚ na lǜ. Herufi hizo zenye alama kichwani zikitoka na wino mzito au mwepesi kuliko jirani zake, jua programu imeazima kutoka fonti nyingine.

Kitufe cha kulaza herufi kisahau kabisa, Kichina hakilazwi. Cha kukoza nacho kina hila: kama fonti haina unene huo, kompyuta inapaka tu wino juu ya wino, na 警 ya polisi, yenye mistari 19, inakuwa doa jeusi. Ukitaka neno lionekane ndani ya Songti, libadilishe liwe Kaiti, kama wafanyavyo Wachina wenyewe.

Mwisho, usimpelekee mpiga chapa faili ya Word. Kompyuta yake ikikosa fonti yako, atakuchapia visanduku vitupu, na pesa ya karatasi ni yako. Toa PDF, fungua taarifa zake, hakikisha kila fonti imefungwa ndani. Kisha mwombe akupigie ukurasa mmoja kwa mashine ileile na karatasi ileile, ukiwa umesimama hapo. Chagua ukurasa wenye 三 na 警.