Ukingo wa kijito umeliwa na mafuriko

SWALI: Masika yamekula ukingo wa kijito nyuma ya shamba langu, umebaki wima, mita 2. Niliweka viroba vya mchanga, maji yakavizoa. Nifanyeje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Pole sana, ndugu. Viroba vilishindwa chini, si juu: maji huchimba kitako cha ukingo, kisha kilicho juu hufuata. Subiri kiangazi, uanzie hapo kitakoni. Chimba mtaro wa nusu mita, laza gabioni (masanduku ya wavu wa waya), ujaze mawe makubwa kuliko matundu ya wavu. Nyuma yake tandika kitambaa cha kuchujia, la sivyo udongo utavuja kati ya mawe na ukingo utatitia. Ncha zote mbili zizamishe ndani ya ukingo ulio mzima. Maji hupenda sana kupenya hapo.

Juu ya gabioni chonga mteremko: kila kimo cha mita 1, ulalo wa mita 2 kwenda nyuma. Mvua zikianza panda vetiva (nyasi zenye mizizi mirefu) kwa mistari ya kukingama, shina hadi shina sentimita 10 hadi 15. Mifugo isikanyage.

Tafadhali usinyooshe kijito: kitashika kasi kikale shamba la jirani wa chini. Na kabla ya yote pita ofisi ya maji ya bonde, kwani sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 za kandokando.