Miezi miwili baada ya tukio na usingizi bado hauji: jibu kwa mwenzetu wa gari la wagonjwa

Mdogo wangu, nimesoma ulichoandika mara mbili nimekaa, na mara ya tatu ilibidi ninyanyuke. Unasema una mwaka wa tatu kwenye gari la wagonjwa. Miezi miwili imepita tangu yule mtoto awafie njiani, na tangu siku hiyo unashtuka saa tisa usiku umelowa jasho. King'ora kikipita mbali, tumbo linakaza. Umefuta picha zote za kituoni kwenye simu, na umebadilishana zamu ili usipite karibu na ile shule. Kiongozi wako wa zamu kakwambia ujikaze, kazi ndiyo hii. Unauliza kama unarukwa na akili, na kama uache kazi.

Hurukwi na akili. Na suala la kazi usiliamue sasa, wakati usingizi umekukimbia namna hiyo. Mimi si daktari, ni mwokoaji mwenzako: miaka 15, minne zimamoto, iliyobaki kwenye gari kama lako.

Tukio langu lilikuwa ajali ya barabarani. Dereva alibanwa miguu, lakini alikuwa anaongea vizuri tu, akaniomba nimshike mkono wakati wenzangu wanakata vyuma. Tulikaa hivyo karibu dakika 40. Alinieleza habari za wanawe, yupi mtundu na yupi mpole. Walipomfungua niliuachia ule mkono ili nipokee machela, na hakufika hospitali. Zamu ikaisha, nikaosha gari, nikajaza fomu, nikarudi nyumbani. Wiki ya kwanza nilikula na kulala kama kawaida, na hilo ndilo lililonidanganya kwamba limepita.

Kisha nikaanza kukwepa. Kwanza ile kona, nikawa nazunguka njia ndefu. Baadaye barabara nzima. Baadaye nikaacha kukaa nyuma na mgonjwa, kila zamu naomba kuendesha, na wenzangu wakadhani napenda usukani. Mwisho nikajikuta namvusha binti yangu barabara nimemshika bega. Yeye ndiye aliyeniuliza, "Baba, mbona siku hizi hunishiki mkono?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Hili ndilo nililochelewa kulielewa kwa karibu miaka miwili. Kila nilichokikwepa kilinipa nafuu ya saa moja, na kila nafuu iliufundisha mwili wangu kwamba kile kitu kweli ni hatari. Jambo la kawaida ukilikumbuka unajua ni la jana. Hili linarudi na harufu yake, na mlio wa mashine ya kukata chuma, kana kwamba linatokea sasa hivi, na mimi nilikuwa nalizima kabla halijafika mwisho, kila mara. Kwa hiyo nikisoma habari za ile shule unayoikwepa, naona kona yangu. Sikulaumu hata chembe. Nakuambia tu kwamba njia hiyo naijua inakoelekea.

Kuhusu kujikaza: mimi niliambiwa na mkubwa wangu wa kazi, "Wewe hukuumia, aliyeumia ni yule." Nikaamini, nikaona aibu kuumwa ugonjwa wa mtu mwingine. Baadaye nilikuja kujua kwamba ugonjwa huu wa kiwewe, ambao madaktari huuita PTSD, uliingizwa rasmi kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, na toleo la mwaka 2013 likasema waziwazi kwamba unaweza kumpata hata mtu ambaye kazi yake inamkutanisha tena na tena na matukio ya namna hii, na likatoa mfano wa waokoaji wanaokusanya mabaki ya miili. Yaani sisi tumo ndani, kwa maandishi. Na mpaka waliouweka ni mwezi mmoja. Ndoto mbaya na kushtukashtuka katika siku na wiki za mwanzo huwapata wengi na mara nyingi hupungua zenyewe. Zikizidi mwezi na zinakuharibia kazi au nyumba, ni wakati wa kwenda kuonwa. Wewe una miwili.

Kuna mchangiaji hapo juu amesema muitwe wote waliokuwepo, mketi duara, kila mtu aseme aliyoyaona na alivyojisikia, kikao kimoja kiishe. Nasema kwa heshima: sikubaliani naye. Sisi tulifanyiwa hivyo siku ya pili. Nililazimika kusikia sehemu ambazo sikuwa nimeziona kwa macho yangu, na usiku ule nikaziota hizo pia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, lilishauri vikao vya namna hiyo visitumike kama kinga kwa watu waliotoka kwenye tukio karibuni. Kinachofaa siku zile za mwanzo ni kidogo na cha kibinadamu, na shirika hilohilo lilikieleza mwaka 2011 kwenye mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia: tazama nani anahitaji nini, msikilize bila kumlazimisha aongee, muunganishe na watu wake na huduma. Maji, mahali pa kukaa, mtu wa kumfikisha nyumbani. Atakayetaka kuongea ataongea.

Kilichonitoa mimi ni matibabu yenyewe, na nataka nikusimulie yalivyokuwa, kwa sababu nisingechelewa hivyo kama mtu angenisimulia.

Nilipelekwa kwa mwanasaikolojia aliyesomea kiwewe. Huyo ni tofauti na mshauri wa mambo yote, kwa hiyo uliza kabla hujakaa. Tulikutana mara 12, saa moja na nusu kila mara. Kwanza tuliandika orodha ya vyote nilivyovikwepa, kuanzia chepesi hadi kizito, na nikawa napewa kimoja kimoja cha kwenda kukifanya. Kupita ile kona mchana nikiwa na mtu. Kisha peke yangu. Kisha kusimama pale mpaka moyo utulie wenyewe, hata kama ni nusu saa. Kazi ya pili ilikuwa kufumba macho na kusimulia tukio lote tangu simu ilipoingia, kwa maneno ya sasa: "nashuka, nasikia, anaita." Alinirekodi, nami nikaenda kujisikiliza nyumbani kila siku. Wiki mbili za kwanza nilizidiwa, sitakuficha, na nilitaka kuacha. Alikuwa ameniambia mapema kwamba itakuwa hivyo, na ndiyo maana nilirudi.

Katika mara ya nane hivi, nikisimulia sehemu ya mkono, nikasikia sauti yangu ikisema kwamba vidole vyake vilikuwa vimelegea. Nikasimama hapohapo. Miaka miwili nilikuwa nimebeba kwamba nilimwachia, akafa. Kumbe alikuwa ameshanyamaza, ameshalegea, kabla sijaigusa ile machela. Hili lilikuwemo kichwani mwangu siku zote, ila sikuwahi kuifikia sehemu hiyo kwa sababu nilikuwa nakatisha kabla. Nililia kwa muda mrefu. Huzuni ya yule baba ipo mpaka leo, na sitaki iondoke. Hatia ndiyo iliyoondoka.

Zipo njia nyingine zenye uthibitisho. Mwenzangu wa zamu alitibiwa kwa ile ya kufuatisha kidole kwa macho huku ukiishika kumbukumbu, inayoitwa EMDR, aliyoianzisha mwanasaikolojia Francine Shapiro mwaka 1987, naye akapona vizuri. Msikilize mtaalamu wako.

Pombe ya kulalia usiiguse. Inakulaza saa mbili tatu, halafu inavuruga usingizi wa alfajiri, ambako ndoto ndiko ziliko. Vidonge vya usingizi vya kupewa na rafiki pia hapana. Daktari wangu alinikatalia dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu, akasema hazitibu kiwewe na zinajenga utegemezi haraka. Zipo dawa nyingine zinazosaidia, hasa kama sonona imeingia, lakini hizo ni za kuandikiwa.

Na jambo moja halingojei miadi. Kama kuna wakati unawaza kwamba heri usingekuwepo, usilale na wazo hilo peke yako hata usiku mmoja. Mwamshe mkeo, mpigie mwenzako, nenda hospitali usiku huohuo. Sisi tunawapelekea wengine msaada wa dharura kila siku, na wewe una haki ya kuuita.

Wiki hii fanya haya. Mwombe kiongozi wako akutoe kwenye simu za watoto kwa muda, usiombe kutolewa kazini kabisa, kwa sababu kukaa nyumbani na ukuta kulinizidishia. Akikataa, muone aliye juu yake, na ueleze kwa lugha ya kazi: usingizi wa saa tatu kwa usiku, mikono inatetemeka wakati wa kuweka dripu, hiyo ni hatari kwa mgonjwa. Lugha hiyo wanaielewa. Kisha omba miadi. Ukiulizwa unaumwa nini na maneno yakagoma, soma aya yako ya kwanza uliyoiandika hapa. Inatosha kabisa. Mimi siku ya kwanza nilisema tu, "Simshiki binti yangu mkono," na yule mama mwanasaikolojia akaelewa.

Ukishapewa tarehe, iandike hapa. Nitakuwa naangalia kila nikitoka zamu.