Picha za radi Kigoma: anza na usalama wako

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini picha zako za radi zinatoka nyeusi tupu, na kama kuna ubaya kusimama ufukweni Ujiji ukipiga. Nianze na la pili: ufukweni usisimame. Ukiona mmweko, hesabu mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Zisipofika 30, ingia ndani ya nyumba, tulia humo hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Chini ya mwembe hapana kabisa, nakusihi.

Kuhusu weusi: unauwinda mmweko kwa kidole, na hutauwahi. Subiri usiku, radi zikiwa bado mbali upande wa Kongo. Kamera ikae kwenye stendi ya miguu mitatu, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, shata (kipazia kinachoruhusu mwanga kuingia) wazi sekunde 15, upige mfululizo. Fokasi weka kwa mkono: lenga taa ya mtumbwi wa dagaa mbali ziwani, zungusha lenzi taratibu mpaka ule ukungu wa mwanga uwe nukta kali. Dirishani napo panafaa, ila zima taa ya chumbani.