Inchaji, fungua mfumo kabla ya kufungua kundi

Wiki iliyopita binti aliyekabidhiwa wodi ya wazazi aliniandikia: "Sista, nitumie programu gani kuwaongoza wenzangu?" Mdogo wangu, kosa langu kubwa la uongozi nililifanya kwa WhatsApp, hii hii tunayotumiana salamu.

Nilikuwa na miezi 3 tu kwenye uinchaji, yaani usimamizi wa wodi. Asubuhi napokea zamu, nakuta patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama, ina mapengo. Mapigo ya moyo wa mtoto, ambayo huandikwa kila nusu saa, yameishia saa 8 usiku. Nikaipiga picha, nikaitupia kwenye kundi la wodi, nikamtaja muuguzi aliyekuwa zamu ya usiku: "Huu ndio uuguzi?" Akajibu neno moja, "Samahani."

Mchana nikafungua GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za hospitali, kumalizia ripoti. Mfumo ulikuwa umetunza saa zote. Mama amepokelewa saa 8:05. Mwingine saa 8:20. Saa 8:40, ombi la damu kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Muuguzi alikuwa mmoja. Wale mama wote waliruhusiwa wakiwa wazima, na mimi nilikuwa nimeshamwaibisha aliyewaokoa.

Nilimfuata kwake jioni. Alitoka na sare ya usiku bado mwilini, macho mekundu. Nikaomba radhi pale mlangoni, kisha nikaomba tena kwenye kundi, maana hapo ndipo nilipomvunjia heshima. Alinisamehe, lakini chai ya saa 4 hakuja kukaa meza yangu tena. Mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo ninyi mnaopewa wodi, nisikilizeni. Mfumo tumeletewa ututazamishe kazi ya watu. Usome kabla hujamhukumu mtu. Kosa la mtu mpigie simu, na kama ametoka usiku, mwache alale kwanza. Kundi liwe la ratiba na pongezi. Ratiba itume wiki 2 kabla, mwenye mtoto mchanga ajipange. Picha za mafaili ni mwiko: ile yangu ilionyesha jina la mama wa watu, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ukiona kwenye mfumo mtu mmoja amebeba usiku mzito, usingoje kikao. Mpigie umwambie umeona.

Yule dada alishahamia mkoa mwingine. Kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi, nampigia. Mwaka huu alipokea kwenye mlio wa kwanza.